Isiolo: Tarehe ya Mji wa Lango

Ukitoka Nanyuki unapita Timau kwenye baridi na mashamba ya ngano, kisha barabara inaanza kuteremka. Mlima Kenya unabaki nyuma, milima ya Nyambene inakaa mkono wa kulia, na mbele yako inatandaa nchi kavu ya migunga na mawe ambayo jicho halioni mwisho wake. Mji wa Isiolo umekaa pale mteremko unapokwisha, kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Nairobi iko kilomita 280 hivi kusini. Moyale, mpakani mwa Ethiopia, iko karibu kilomita 500 kaskazini. Wengi wanaokwenda na kurudi baina ya miji hiyo miwili hupita hapa.

Tarehe yote ya Isiolo imetokana na mahali mji ulipo. Waliotawala waliona lango, wakaweka kizuizi. Waliozuiwa wakajenga mji palepale langoni. Inafaa jambo hili lielezwe kwa mfululizo wake, maana watoto wa Isiolo wanakua wakisikia habari za miradi mikubwa inayokuja, na wengi wao hawajaambiwa mtaa wanaoishi ulitoka wapi.

Tuanze na maji, kwa sababu huko ndiko maisha yanakoanzia. Mto Ewaso Nyiro huteremka kutoka Aberdare na Mlima Kenya, ukapita Archer's Post kati ya hifadhi za Samburu na Buffalo Springs, ukaambaa na Shaba, ukafika Merti, na mwisho ukapotelea kwenye kinamasi cha Lorian. Kabla hapajakuwa na ofisi wala duka, wafugaji walikuwa wakiufuata mto huu kwa majira. Wasamburu walilisha upande wa magharibi. Waborana walikuwa upande wa mashariki, na idadi yao ikaongezeka sana katika miaka ya 1930, Waingereza walipowahamisha kutoka visima vya Wajir na kuchora mstari wa kutenganisha malisho yao na ya Wasomali. Hao ndio wanaoitwa Waborana wa Waso, kwa jina la mto wenyewe.

Wafugaji hawa walikuwa na serikali yao kabla ya serikali. Kwa Waborana, eneo la malisho huitwa dedha, na wazee wake ndio wanaoamua majani yapi yaliwe wakati wa mvua, yapi yasubiri kiangazi, na yapi yasiguswe mpaka ukame mkali ufike. Kisimani nako kuna mtu anayeitwa aba erega, msimamizi wa zamu. Yeye ndiye anayepanga ngamia wa nani wanywe leo na ng'ombe wa nani wanywe kesho. Mgeni akifika na mifugo yake hakimbilii birika. Huenda kwa wazee, akaeleza atokako na idadi ya wanyama wake, akangoja apewe nafasi. Utaratibu huu haukuandikwa popote, na bado unafanya kazi pale ambapo haujavurugwa.

Serikali ya wakoloni ilikuja na fikra nyingine. Sheria ya mwaka 1902 ilikwisha kuipa uwezo wa kufunga wilaya za pembezoni, na mwaka 1926 eneo lote lililoitwa NFD, yaani Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, likatangazwa kuwa limefungwa. Mwaka 1934 ikaongezwa sheria ya wilaya maalumu, iliyowapa maofisa nguvu za kukamata, kuhamisha na kuadhibu jamii nzima kwa kosa la mtu mmoja. Mtu hakuingia NFD wala kutoka bila kibali. Isiolo ukawa makao makuu ya utawala huo. Maofisa kama Gerald Reece na Richard Turnbull waliiongoza nchi hiyo kubwa kutoka hapa. Reece baadaye akawa gavana wa Somaliland, na Turnbull akawa gavana wa mwisho wa Tanganyika.

Mifugo nayo ilizuiwa kama watu. Laikipia na Timau yalikuwa mashamba ya walowezi, na walowezi waliogopa sotoka na homa ya mapafu ya ng'ombe. Kwa hiyo ikawekwa karantini Isiolo. Mfanyabiashara aliyeswaga ng'ombe kutoka Wajir au Moyale aliwaweka hapa mpaka wapimwe na kuruhusiwa, huku akingoja na kula akiba yake. Bei ikishuka kabla hajaruhusiwa, hasara ni yake. Baada ya uhuru ardhi ile ikawa chini ya idara ya serikali ya masoko ya mifugo, na mpaka leo mtaa ulio upande huo unaitwa LMD kwa herufi za idara hiyo.

Sasa tuje kwa watu wa mji. Wa kwanza kupewa makazi walikuwa Wasomali wa Isaaq na Herti, wengi wao wakiwa askari waliopigana upande wa Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, pamoja na jamaa zao waliokuwa wafanyabiashara wa mifugo. Walitoka mbali, baadhi yao Somaliland na Aden, na walijiona raia wa himaya na si wenyeji wa wilaya. Amri ya mwaka 1919 iliwatofautisha na wenyeji katika baadhi ya sheria. Katika miaka ya 1930 Waisaaq walidai wahesabiwe pamoja na Waasia, na walikuwa tayari kulipa kodi kubwa zaidi ili wapate hadhi hiyo. Walikataliwa. Wajukuu wao wako Isiolo hadi leo, wanazungumza Kisomali, Kiborana na Kiswahili kwa pumzi moja, na makaburi ya babu zao yako hapa.

Waliofuata walikuja kila kundi kwa sababu yake. Waturkana walikuja kama vibarua wa barabara na wa ofisi za serikali, wengine wakikimbia njaa. Wameru waliteremka kutoka Nyambene na miraa, viazi na mboga, wakafungua maduka. Waborana na Wasakuye waliingia mjini mifugo ilipowaishia. Majina ya mitaa yameihifadhi hadithi hii: Kambi Garba, Kambi Odha, Kambi ya Juu, Bula Pesa, Kulamawe, Tulu Roba, Kiwanjani. Ukitembea kutoka msikiti wa Jamia hadi kanisa kuu la Mtakatifu Eusebius, utasikia lugha tano au sita kabla hujafika. Kanisa hilo lilikuzwa na Luigi Locati, padri wa Kiitaliano aliyewekwa kuwa askofu wa kwanza wa Isiolo na akauawa kwa risasi mjini humu Julai 2005. Mwaka 2023 Isiolo ikapandishwa kuwa dayosisi kamili.

Dunia iliijua Isiolo kwa sababu ya simba. George Adamson, mlinzi wa wanyamapori, alikuwa na makao yake hapa, na mwaka 1956 yeye na mkewe Joy walianza kumlea Elsa. Watalii wengi walisoma habari za simba yule. Wachache walisoma habari za watu waliokuwa wakiishi umbali wa kutembea kwa miguu kutoka nyumba ile, wakiomba vibali vya kwenda Nanyuki.

Uhuru ulipokaribia, swali la kaskazini likawaka moto. Mwaka 1962 tume ilitumwa kuwauliza watu wa wilaya sita za NFD kama wanataka kubaki Kenya au kuungana na Somalia. Garissa, Wajir na Mandera zilitaka kujitenga kwa sauti kubwa. Isiolo uligawanyika: Wasomali wengi na sehemu ya Waborana walitaka kwenda, wengine walitaka kubaki. Machi 1963 Uingereza ikatangaza mkoa mpya wa Kaskazini Mashariki ndani ya Kenya, na Isiolo ikatiwa Mashariki.

Hapo ndipo linapoingia jina la Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya (DC) wa Isiolo. Pamoja na Chifu Haji Galma Dido, kiongozi wa Waborana wa Waso, alizunguka akiwashawishi watu wabaki Kenya. Tarehe 28 Juni 1963, siku 27 tu baada ya Madaraka, wote wawili walipigwa risasi wakauawa karibu na Mado Gashi. Nairobi ina barabara ya Wabera katikati ya jiji, na Isiolo ina wadi ya Wabera. Wengi wanaopita Wabera Street wakiwahi matatu hawajui kwamba mtu yule alikufa kwa ajili ya mpaka wa nchi yao.

Desemba 1963 hali ya hatari ikatangazwa Kaskazini Mashariki, baadaye ikaenea hadi Isiolo. Vita vya Shifta, yaani vita vya waasi waliotaka kujitenga na Kenya, vilikuwa vimeanza. Wafugaji walikusanywa kwa nguvu katika kambi zenye ulinzi, Garba Tulla, Merti na kwingineko. Aliyekutwa nje ya kambi alihesabiwa kuwa shifta. Ngamia walipigwa risasi kwa kuwa waliaminika kuwabeba waasi, na mifugo iliyofungiwa mahali pamoja ikafa kwa kukosa malisho. Wazee wa Waso huuita wakati huo gaaf daaba, na hawautaji kwa sauti ya juu. Oktoba 1967 Kenya na Somalia zilipatana Arusha kwa usuluhishi wa Rais Kenneth Kaunda. Vita vikaisha, lakini familia zilizokuwa na ngamia wengi zikajikuta zinachota maji ya kulima Malka Daka na Gafarsa, au zinatafuta kibarua mjini. Mwaka 1970 Bunge likapitisha Sheria ya Fidia, iliyowakinga maofisa wa serikali wasishtakiwe kwa matendo yao ya miaka ile katika Kaskazini Mashariki, Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Jina lake ni fidia, na mfugaji hakufidiwa hata mbuzi mmoja.

Sheria za hali ya hatari zilidumu mpaka Novemba 1991. Katika miaka yote hiyo lami iliishia Isiolo. Kwenye kizuizi cha kaskazini mwa mji abiria walishuka, wakaonyesha vitambulisho, kisha wakapanda malori kwa safari ya siku mbili au tatu kwenye barabara mbovu, wakati mwingine wakiungana na msafara wenye askari. Aliyekuwa akienda kusini aliaga kwa kusema anakwenda Kenya, na aliyemsikia hakushangaa.

Mambo mawili yamebadilisha lango hili. La kwanza ni lami. Sehemu ya kutoka Isiolo hadi mto Merille ilikamilika karibu na mwaka 2010, na miaka michache baadaye ikafika Moyale. Safari ya siku mbili ikawa ya saa chache. La pili ni Katiba ya 2010. Isiolo ikawa kaunti yenye kilomita za mraba 25,336 hivi, maeneo bunge mawili na wadi kumi. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 143,294. Ya 2019 ikahesabu 268,002. Magavana wamekuwa Godana Doyo, kisha Mohamed Kuti, kisha Abdi Ibrahim Hassan aliyechaguliwa 2022. Mwaka 2017 Fatuma Dullo wa Isiolo alikuwa miongoni mwa wanawake watatu wa kwanza kuchaguliwa kwa kura kuwa maseneta nchini Kenya.

Anayetaka kuona lami ilivyofaa, aende alfajiri kwa kina mama wa ushirika wa Anolei wanaouza maziwa ya ngamia. Maziwa huja kwa pikipiki na magari kutoka kwa wafugaji walioko mbali na mji, katika madumu yaliyofukizwa kwa moshi wa kuni ili maziwa yasiharibike upesi. Mama mmoja hufungua dumu, akanusa, akaonja. Likiwa limeanza kuchachuka, hutengwa. Mazuri huchanganywa, hupozwa, hutiwa tena kwenye madumu yenye alama, hupakiwa kwenye basi, na siku hiyohiyo yako Eastleigh, Nairobi. Madumu matupu hurudi na basi lingine. Biashara hii inalipa karo na kulisha nyumba nyingi, na ilijengwa na wanawake ambao vitabu vya utawala wa NFD havikuwataja.

Lakini ahadi zimekuja na hofu zake. Ruwaza ya 2030 iliitaja Isiolo kuwa jiji la kitalii. Machi 2012 mradi wa ukanda wa usafirishaji wa LAPSSET ukazinduliwa Lamu, na ramani yake ikapitisha Isiolo barabara, reli na bomba la mafuta. Uwanja wa ndege ulizinduliwa Julai 2017, njia yake ya kurukia ikiwa imekaa mpakani mwa Isiolo na Meru, mpaka ambao kaunti hizo mbili zinaugombania. Kambi za jeshi zimeshika ardhi kubwa kuzunguka mji. Bei ya ploti imepanda. Katikati ya hayo yote, mkazi wa Kulamawe au Checheles, ambaye babu yake alizuiwa hapa miaka mia iliyopita, mara nyingi ana barua tu ya kugawiwa ploti, na jirani yake ana barua nyingine ya ploti ileile. Huko malishoni, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inawaruhusu wafugaji kusajili ardhi yao kwa jina la jamii, na kazi hiyo inakwenda polepole kuliko wanunuzi.

Mji uliojengwa na waliozuiwa haustahili kuwafanya wapangaji watu wake. Serikali ya kaunti na Wizara ya Ardhi ziwape wakazi wa mitaa ya zamani hatimiliki, na zisajili malisho ya Waso, Oldonyiro na Ngare Mara kabla reli haijachorwa upya. Nawe msomaji wa Isiolo, ikiwa nyumbani kwenu yupo mzee aliyekuwa hai mwaka 1963, kaa naye, muulize, andika jina lake na alikotoka, kwa sababu hati ya kwanza ya ardhi hii iko kichwani mwake.