Kadi ya michoro ilivyogeuka mwalimu wa lugha

“KWANI mwalimu, mimi ninachora nini?”

Ndivyo alivyoniuliza mwanafunzi mmoja wa isimu alipoambiwa kwamba, ili aifunze kompyuta kuchanganua sentensi za Kiswahili, anahitaji mashine yenye kadi ya michoro. Swali lake lilinichekesha, kisha likanifikirisha. Jibu limo katika historia, na historia hiyo inatuhusu sisi wapenzi wa lugha kuliko tunavyodhani.

Tuanzie mwaka wa 1963. Ivan Sutherland, mwanafunzi wa uzamifu katika chuo cha MIT, Marekani, aliunda programu iliyoitwa Sketchpad, ambayo ilimwezesha mtu kuchora mistari kwenye skrini kwa kalamu ya mwanga. Baadaye Sutherland alihamia Chuo Kikuu cha Utah, nako vipaji vikachipuka. Bui Tuong Phong, mzaliwa wa Hanoi, alibuni hesabu ya kuonyesha jinsi mwanga unavyong’aa juu ya kitu. Naye Edwin Catmull, mnamo 1974, alieleza namna kompyuta inavyoweza kubaini kitone kipi kiko mbele na kipi kimefichwa nyuma ya kingine.

Mbinu zilikuwepo. Kilichokosekana ni kasi.

Hebu tupige hesabu. Skrini yenye vitone 640 kwa 480 ina jumla ya vitone 307,200. Ukitaka picha isogee bila kukwamakwama, tuseme mara 60 kwa sekunde, inabidi uamue rangi ya vitone zaidi ya milioni 18 kila sekunde. Kichakataji kikuu cha kompyuta ni kama mkulima hodari mwenye jembe moja: analima vizuri, lakini mstari mmoja baada ya mwingine. Kazi ya picha inataka kijiji kizima, kila mtu na jembe lake, wote wakilima kwa pamoja.

Jim Clark aliliona hilo. Akiwa Chuo Kikuu cha Stanford alibuni kijisahani maalumu cha hesabu za maumbo, na mwaka wa 1982 akaanzisha kampuni ya Silicon Graphics. Mashine zake zilikuwa ghali mno kwa mtu wa kawaida. Ni mwaka wa 1996 ambapo kampuni ya 3dfx, kupitia kadi yake ya Voodoo, ilipeleka uwezo huo kwa wapenzi wa michezo ya kompyuta majumbani. Mnamo 1999 Nvidia ikatoa GeForce 256, iliyokitua kichakataji kikuu mzigo wa kukokotoa maumbo na mwanga. Kampuni hiyo iliinadi kama “GPU” ya kwanza duniani, ingawa Sony ilikuwa imelitumia jina lilo hilo tangu 1994 katika PlayStation.

Hapo ndipo hadithi inapogeuka. Wataalamu waling’amua kwamba kadi haijui kuwa inachora. Yenyewe inazidisha na kujumlisha tarakimu tu, nyingi kwa mpigo. Nvidia ilipotangaza CUDA mwaka wa 2006, mlango ulifunguliwa: mtu angeweza kuiamuru kadi ifanye hesabu yoyote ile. Mnamo 2012, watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Toronto walitumia kadi mbili za michezo kuifunza kompyuta kutambua picha, na wakawaacha mbali washindani wao. Mwaka wa 2017 ikafika zamu ya lugha. Watafiti wa Google walitumia vichakataji vinane vya aina hiyo kufunza mfumo wa kutafsiri Kiingereza hadi Kijerumani na Kifaransa. Mfumo wao mkubwa ulifunzwa kwa siku tatu na nusu.

Ajabu ni kwamba elimu hiyo ilirudi nyumbani. Mnamo 2018 Nvidia ilitangaza mbinu ya kuharakisha picha ambapo kadi huchora vitone vichache, kisha ikakisia vilivyosalia kutokana na ilichojifunza.

Je, tubadilishe istilahi ya “kadi ya michoro”? Sidhani. Neno “simu” lina asili ya Kiajemi na lilihusu waya, lakini leo tunatembea na simu zisizo na waya na hakuna anayelalamika. Neno hubeba historia yake. Hatari ni kudhani kwamba linaeleza yote.

Na hapa ndipo penye uchungu. Mfumo ule wa 2017 ulifunzwa Kijerumani kwa jozi milioni 4.5 za sentensi zilizokuwa tayari zimetafsiriwa. Kadi haina lugha iipendayo; hula inacholishwa. Sisi nasi, maandishi mangapi ya Kiswahili safi yamelala kabatini, hayajawahi kuchapwa kwenye kompyuta wala kupangwa?

Nilimjibu mwanafunzi wangu hivi: huchori chochote. Itafute hiyo kadi, lakini kabla ya kadi, tafuta sentensi.