Neno "Bibi"

Somo la leo ni juu ya neno moja: bibi.

Hapo kwenu Mnero mtoto akisema "bibi", mara nyingi humtaja mama wa mama yake. Ukoo wa Kimwera hufuata upande wa mama. Basi bibi ndiye shina, ingawa zamani shauri kubwa lilikatwa na mjomba. Huko pwani, enzi za utumwa, neno lilikuwa kali: mtumwa alimwita bibi yule mwanamke aliyemmiliki. Na papo hapo "bibi yake fulani" ni mke wa fulani! Neno lile lile, kwa mwenye amri na kwa aliye chini ya amri.

Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa lelemama Dar es Salaam, alishika uongozi wa wanawake wa TANU. Alizaliwa mwaka 1926, kwa hiyo hakuitwa Bibi kwa uzee. Baadaye vijijini walifika Bibi Maendeleo na Bibi Shamba, wenye kazi zao wenyewe.

Samia Suluhu Hassan alipoapishwa kuwa Rais, tarehe 19 Machi 2021, wengi walimwita Mama. Je, mwenyekiti wa kijiji chenu akiwa mwanamke, ninyi mtamwitaje?