Kompyuta katika Shule za Upili za Mbooni: Suala la Utunzaji

Historia ya kompyuta katika shule za upili za umma za Mbooni haitengeki na historia ya shule zenyewe. Milima hiyo, iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Machakos hadi Makueni ilipofanywa wilaya mwaka 1992, imekaliwa na Wakamba wenye desturi ya mwethya, yaani kazi ya pamoja ya majirani. Kwa mwethya walichimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Na baada ya uhuru wa 1963, kwa mwito wa Harambee, nguvu hizo hizo zilijenga madarasa. Mawe, mchanga na mikono vilipatikana papo hapo, na darasa likisha kuezekwa lilidumu miaka mingi kwa gharama ndogo.

Kompyuta ni kitu cha namna nyingine. Baada ya kununuliwa yadai umeme, chumba salama, fundi na mwalimu, mwaka hata mwaka. Mwaka 2006 Serikali ya Kenya ilitoa mkakati wa teknolojia ya habari na mawasiliano katika elimu, na Sheria ya Kawi ya mwaka huo ikaunda mamlaka ya kusambaza umeme vijijini. Kisha, katika mpango wa kuchochea uchumi ulioanza 2009, shule 5 katika kila eneo la ubunge zilitengewa kompyuta. Mipango hiyo ilihusu zaidi kuleta vifaa kuliko kuvitunza.

Tofauti baina ya shule yaonekana hapo. Elimu ya kutwa ilipoanza kugharimiwa na Serikali mwaka 2008, kila mwanafunzi alitengewa shilingi 10,265 kwa mwaka. Shule ndogo ya wanafunzi 150 ilistahili shilingi 1,539,750, nazo zilipaswa kutosha vitabu, ukarabati, mishahara ya watumishi, maji na stima. Shule kubwa ya bweni, yenye karo ya wazazi, ilikuwa na nafasi zaidi ya kumwajiri mwalimu wa kompyuta.

Lugha nayo ni sababu isiyopaswa kupuuzwa. Mwanafunzi wa Mbooni huanza na Kikamba, kisha Kiswahili. Mashine humkabili kwa Kiingereza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, na istilahi kama tarakilishi zimeingia katika vitabu vya shule nchini Kenya, lakini somo lenyewe hutahiniwa kwa Kiingereza. Hivyo mzazi aombwaye mchango hupata shida kuhoji kinachonunuliwa na kitakavyotunzwa.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa 2019, wautaja ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi 7 wa msingi. Bila fedha za utunzaji, mwalimu wa kudumu, na lugha ambayo wazazi waweza kuitumia kulijadili jambo hili, matakwa hayo yatatimizwa na shule zenye uwezo tu, ilhali shule ndogo za kutwa zitaachwa nyuma.