Lenta: mzigo ulio juu ya mlango

Muulize mtu wa Mpanda, mkoani Katavi, nyumba yake imefikia wapi, mara nyingi atakujibu kwa neno moja: lenta. Kuta zimepita juu ya milango na madirisha, na hela imekata. Maboma ya hivyo ni mengi, nyasi zikiota sebuleni. Neno tumelitoa kwa Waingereza, ila kitu chenyewe tulikuwa nacho: kizingiti cha juu, na miimo miwili inayokibeba.

Kwa wenyeji wa Katavi, Wapimbwe, Wabende na Wakonongo, kizingiti hicho kilikuwa na kazi ndogo. Katika nyumba ya miti na udongo paa la nyasi ni jepesi, na uzito wake hushukia nguzo zilizochimbiwa ardhini. Udongo huziba tu nafasi za fito. Tarehe 13 Desemba 1910 ukanda wa Rukwa ulitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 7.4, miongoni mwa makubwa kabisa Afrika katika karne ile. Katika mtikisiko kama huo nyumba ya fito huyumba. Ya tofali hupasuka, na ufa hupenda kuanzia kwenye pembe ya mlango.

Tofali ndilo lililoleta hesabu. Kule Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, Wabelgiji walianza ngome mwaka 1879, na mwaka 1885 wamisionari wa Mapadre Weupe wakakabidhiwa. Ukuta mzito ukitobolewa mlango, kilicho juu lazima kibebwe, ama na tao la tofali ama na boriti. Kwa boriti, misitu ya miombo ilikuwa na mninga, mti ambao mchwa hawauwezi kwa urahisi. Mafundi wa mbao wanajua jambo moja ambalo wengine hujifunza kwa hasara: ubao ukisimamishwa kwa ubavu hubeba kuliko ukilazwa. Zidisha kimo chake mara mbili, nguvu inakuwa mara nne.

Mwaka 1950 reli ya Kaliua hadi Mpanda, kilomita zipatazo 210, ilifunguliwa kwa ajili ya madini ya risasi ya mgodi wa Uruwira. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, reli ikabaki. Mbao zikatoka, saruji na nondo zikaingia, na kizingiti kikawa zege.

Hapo ndipo tulipopoteza kitu. Zege huvumilia kubanwa, haliwezi kuvutwa. Na lenta ikielemewa, upande wa chini ndio unaovutika. Nondo ikikaa katikati au juu ni chuma kilichozikwa bure. Na miimo tumeisahau kabisa. Marekani, kwenye nyumba za fremu za mbao, kanuni huhesabu hadi nguzo fupi zinazobeba kizingiti kila upande: uwazi ukipanuka, nguzo zinaongezwa. Sisi tuna Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 na kanuni za uendelezaji za mwaka 2008, zinazodai kibali. Lakini pembezoni mwa mji lenta huamuliwa na jicho la fundi. Tetemeko la Kagera la Septemba 2016 lilikuwa la 5.9 tu, na lilibomoa maelfu ya nyumba.

Kwa hiyo, wewe ambaye boma lako limefika lenta: kabla zege halijamwagwa, panda ngazi uangalie. Nondo ziwe chini, lenta ikalie ukuta si chini ya sentimita 15 kila upande, na miti ya kuegemeza ising'olewe kabla ya wiki mbili.