Kuchomelea Bodi la Gari Lenye Kutu: Mambo ya Kuzingatia kwa Anayejifunza

Kutu ni miongoni mwa sababu kuu zinazofupisha maisha ya magari, hususan katika mikoa ya Pwani ambako hewa ya bahari hubeba chumvi. Chumvi hiyo, ikichanganyika na maji na tope lililoganda ndani ya madigadi, chini ya milango na kwenye sakafu, hula bati kuanzia upande wa ndani. Rangi inapoanza kutoa malengelenge, mara nyingi bati limekwisha kutoboka.

Wamiliki wengi huziba matundu hayo kwa puti na kupaka rangi. Njia hiyo huficha tatizo tu, kwani kutu huendelea kula chini ya puti. Tiba ya kudumu ni kukata sehemu yote iliyoharibika hadi kufikia chuma kizima, kisha kuchomelea kiraka kipya.

Uchaguzi wa mashine

Bati la bodi huwa na unene wa takriban milimita 0.7 hadi 1, hivyo joto likizidi hutoboka au kupinda. Mashine ya kawaida ya fimbo, inayotumika kutengeneza mageti na madirisha, ni ngumu kuidhibiti kwenye bati hilo. Gesi ya oksijeni na asetilini nayo hutawanya joto eneo kubwa. Inayomfaa zaidi anayeanza ni mashine ya waya inayotumia gesi kinga, yenye waya wa milimita 0.6 au 0.8.

Hatua za kazi

Mwanafunzi anashauriwa kuanza na vipande vya bati chakavu vyenye unene sawa na bodi, na asiguse gari hadi viungo vyake vishike bila kutoboka. Baada ya hapo, kiraka hukatwa kwa kufuata kielelezo cha karatasi ngumu, na kingo zote husafishwa rangi, mafuta na kutu. Kiraka hushikizwa kwa nukta ndogo ndogo, kwa kuhama kutoka upande mmoja kwenda mwingine na kuacha bati lipoe kila mara. Mstari mrefu wa mfululizo hupindisha bati. Nukta zikishaungana, kiungo husagwa kwa grinda, kisha hupakwa praima ndani na nje. Upande usioonekana hupakwa pia nta ya kuzuia kutu, na matundu ya kutolea maji huachwa wazi.

Usalama

Kabla ya kuanza, betri hutenganishwa, na mazulia, viti na vitu vyote vinavyoshika moto huondolewa. Tangi la mafuta au mabomba yake yakiwa karibu, kazi haifanyiki hadi yaondolewe na fundi mwenye ujuzi. Hata tangi tupu hubaki na mvuke unaoweza kulipuka. Kizima moto huwekwa karibu, na eneo hukaguliwa kwa angalau saa moja baada ya kazi, kwa kuwa cheche hufukuta ndani ya vitambaa bila kuonekana.

Mchomeleaji huvaa kofia yenye kioo cheusi, glavu za ngozi, viatu vilivyofunika mguu na nguo za pamba. Watoto na watazamaji hukaa mbali, kwani mwanga wa kuchomelea huunguza macho. Bati lenye zinki hutoa mafusho yanayosababisha homa, hivyo zinki husagwa kwanza, kwa kuvaa barakoa ya vumbi, na kazi hufanyika penye hewa ya kutosha.

Mipaka ya kazi ya nyumbani

Viraka vya madigadi na ngozi za milango vinaweza kuwa uwanja wa kujifunzia. Chesisi, nguzo za paa, vizingiti vya milango na sehemu zinaposhikiliwa mikanda ya usalama si uwanja huo. Sehemu hizo hubeba uzito wa gari na huwalinda abiria wakati wa ajali, na kiungo kinachoonekana kizuri kwa nje kinaweza kuachia siku hiyo. Kazi hiyo ni ya fundi aliyehitimu.

Wanaotaka kupata ujuzi huo kwa utaratibu rasmi wanaweza kufika katika vyuo vya Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), vinavyotoa mafunzo ya uchomeleaji. Mafundi waliojifunza mitaani nao wanaweza kuuliza huko kuhusu utaratibu wa kutambuliwa kwa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi.