Kiingereza Bila Kiswahili: Habari za Njia Moja ya Kufundisha Milimani Kwetu

Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike juu ya masomo ya zamani, nami nimechagua jambo ambalo wenzangu wa rika langu hawawezi kulisahau: ile amri ya kutotamka neno la Kiswahili katika kipindi cha Kiingereza. Ninyi vijana mliopo shuleni sasa huenda mkacheka. Wenzangu watajipapasa shingo, kwa sababu nitakayoieleza punde.

Tuliingia Kidato cha Kwanza mwaka 1976. Mwalimu wetu wa Kiingereza, kijana aliyetoka chuoni mwaka ule ule, alikuwa fundi. Alishika kitabu, akakitaja, nasi tukaitikia. Akaenda mlangoni, akasema, "I am opening the door," huku akiufungua, na ukungu wa asubuhi ukaingia darasani pamoja na baridi yake. Akamtuma mmoja wetu afanye hivyo hivyo, darasa zima likisema, "He is opening the door." Kanuni ya sarufi haikutajwa hata kidogo, ila baada ya juma moja hakuna aliyekosea kati ya "I am" na "He is". Nasema haya mapema ili nisije nikadhaniwa kuwa mpinzani wa njia ile. Kwa vitu vinavyoonekana na matendo yanayotendeka, sijaona bora kuliko hiyo.

Shida ilikuja siku ya neno "although". Utalionyeshaje kwa kidole? Mwalimu alijitahidi. Masika ilikuwa imepamba moto, basi akatoka nje bila mwavuli, akatembea uwanjani akilowa, akarudi akasema kwamba mvua inanyesha, "although", yeye ametembea. Tukaandika madaftarini. Mmoja aliandika kuwa maana yake ni kulowa, mwingine akaandika ukaidi. Mwenzetu mmoja wa kutoka Mtae, mpole sana, akainama kwa jirani yake akanong'ona, "Ingawa." Ndiye peke yake aliyeelewa. Kiranja akamsikia, na kile kipande cha mti wa mkulo, chenye uzi, kikavikwa shingoni mwake hadi jioni. Mkulo una harufu kali, nanyi mnajua, hata usingizini alikuwa akiisikia.

Nimejiuliza miaka mingi amri ile ilitoka wapi. Yafaa tuifuate nyuma.

Huko Ulaya na Marekani, katika karne ya 19, lugha za kigeni zilifundishwa kama Kilatini: kukariri kanuni, kisha kutafsiri sentensi kwenda na kurudi. Mtu aliweza kusoma miaka sita asiweze kuomba maji. Mwaka 1878 Maximilian Berlitz alifungua shule ya lugha katika mji wa Providence, Marekani, ambako lugha iliyofundishwa ndiyo pekee iliyosemwa. Miaka minne baadaye, huko Ujerumani, Wilhelm Viëtor alitoa kijitabu kikali kudai mafundisho ya lugha yageuzwe, usemi utangulie maandishi. Hapo ndipo ilipokomaa iitwayo njia ya moja kwa moja. Lakini angalia nani walikuwa wanafunzi wa Berlitz: watu wazima, wachache darasani, wenye kulipa ada, na mara nyingi mwalimu ni mgeni asiyeijua vizuri lugha yao. Mahali kama hapo, kuacha lugha ya nyumbani halikuwa jambo la kuadhibiana. Ilikuwa hali yenyewe ya chumba.

Kwetu Usambara mambo yalianza kinyume. Wageni wa kwanza wenye kalamu walikuja kuwa wanafunzi. Krapf alifika Vuga kwa Kimweri mwaka 1848, akarudi 1852. Edward Steere alichapa mkusanyo wake mdogo wa Kishambaa mwaka 1867, kabla ya kitabu chake mashuhuri cha Kiswahili. Misheni ya Bethel ilianza Mlalo mwaka 1891, na mmoja wa watu wake, Karl Roehl, akatoa sarufi ya Kishambaa mwaka 1911. Ndiye yule yule aliyeongoza tafsiri ya Biblia nzima ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1937. Serikali ya Kijerumani nayo, pamoja na ukali wake wote, ilijenga shule yake ya Tanga juu ya Kiswahili. Kwa hiyo mtoto wa Lushoto, mji ulioitwa Wilhelmsthal wakati ule, alikuwa akivuka toka Kishambaa kwenda Kiswahili, na hapo akapumzika.

Na wengine walikuwa na kivuko kimoja zaidi. Wambugu, majirani zetu wa Magamba na Rangwi, wana lugha ambayo wataalamu wametoka mbali kuja kuichunguza, kwa kuwa maneno yake mengi ni ya asili ya Kikushi ilhali viambishi vyake ni vya Kibantu. Mtoto wa Kimbugu aliyeketi nami dawati moja alikuwa na lugha tatu kichwani kabla Kiingereza hakijabisha hodi. Hakuna aliyewahi kumwonyesha kwa kidole maana ya "ingawa" katika lugha hizo tatu. Alizipata sokoni na machungani, akizichanganya na kuzilinganisha kutwa nzima. Lakini darasani tuliambiwa kwamba kulinganisha ni kosa!

Waingereza walikifanya Kiswahili kuwa lugha ya madarasa ya chini, na Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 ikakisanifu. Kiingereza kilifundishwa juu yake. Walimu wa zamani walitafsiri pale walipokwama, bila haya. Ukali wa amri, kwa maoni yangu, ulipata nguvu ya kitaalamu Januari 1961, katika mkutano wa nchi za Jumuiya ya Madola uliofanyika Makerere, Uganda, juu ya kufundisha Kiingereza kama lugha ya pili. Huko zilitiliwa mkazo fikra kwamba Kiingereza hufundishwa vema kwa Kiingereza chenyewe, na kwamba mwalimu bora ni aliyezaliwa nacho. Mwaka 1992 mwanachuoni Robert Phillipson alizichambua fikra hizo moja moja akaziita potofu. Lakini wakati huo vizazi vingi vilikwisha kuvikwa vibao. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986, ameeleza jinsi kitu kama hicho kilivyopitishwa mkono kwa mkono shuleni kwao Kenya, ili watoto wasalitiane.

Hapa nchini mambo yaligongana. Mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule za msingi zote za serikali, nasi tulifurahi. Sekondari ikabaki Kiingereza. Basi njia iliyotungwa kumfundisha mtu "mlango" na "dirisha" ikabebeshwa Baiolojia na Jiografia, darasa la watu arobaini, mwalimu na wanafunzi wote wakijua Kiswahili na wote wakijifanya hawakijui. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 Kiswahili kiingie sekondari kuanzia 1985. Haikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Kiingereza, Criper na Dodd, waliwapima wanafunzi nchini wakakuta walio wengi hawawezi kuyafuata masomo kwa lugha hiyo. Dawa iliyotolewa ikawa mradi wa kukitia nguvu Kiingereza, vikaletwa vitabu vya hadithi nyepesi. Sera ya mwaka 2014 ilikipa Kiswahili nafasi ngazi zote, na toleo lake la 2023 likaacha Kiingereza sekondari. Mjadala huu utawakuta na ninyi vijana, msidhani umekwisha.

Wengine katika chama chetu husema: mbona kibao kilitusaidia, leo tunasema Kiingereza? Siwabishii kwamba tunasema. Ila nawaomba wawakumbuke pia wale walionyamaza miaka minne, wasitamke kosa wala sahihi, wakaondoka na daraja la mwisho tukawaita wajinga.

Yule mwenzetu wa Mtae alikuja kuwa mwalimu wa Kiingereza. Tulikutana Soni miaka kadhaa iliyopita, tukiwa tunangoja gari la Bumbuli, nikamwuliza hufundishaje "although". Akacheka. Akasema mlango huufungua kwa Kiingereza, kama alivyofundishwa na mwalimu wetu. Afikapo kwenye "although" huchora safu tatu ubaoni, ya kwanza huijaza yeye, ya pili hulijaza darasa kwa Kiswahili, na ya tatu huiacha wazi, kila mmoja aje aandike ya kwao.