Sumu ya mahindi: Jinsi seli za ini zinavyotambua hatari

Kati ya Januari na Julai 2004, watu 317 waliugua na 125 miongoni mwao kufariki kutokana na sumu ya aflatoksini mashariki na katikati mwa Kenya. Makueni na Kitui ndizo wilaya zilizoathirika zaidi. Wagonjwa waligeuka manjano macho, dalili ya ini kulemewa.

Aflatoksini hutolewa na kuvu iitwayo Aspergillus flavus, inayoshambulia mahindi yaliyodhoofishwa na ukame shambani au yaliyohifadhiwa kabla ya kukauka. Sumu ikifika kwenye ini, vimeng'enya huigeuza kuwa kemikali kali zaidi, inayonata kwenye DNA, yaani kumbukumbu ya urithi.

Hata hivyo, seli ina walinzi. Wa kwanza ni protini iitwayo Keap1. Wakati wa shwari, Keap1 huishika protini nyingine, Nrf2, ili iharibiwe. Kemikali kali zikiigusa Keap1, umbo lake hubadilika. Nrf2 huponyoka, huingia katika kiini cha seli na kuamsha jeni zinazotengeneza vimeng'enya vya kuondoa sumu. Silaha ya vimeng'enya hivyo ni glutathioni, ambayo seli huiunda kutokana na protini tunazokula. Hivyo basi, njaa hudhoofisha ulinzi huu.

DNA ikiisha kudhurika, protini ya p53 hushika zamu. Huizuia seli kugawanyika hadi itengenezwe, au huiamuru ijiue.

Sumu inapokuwa nyingi mno, kama ilivyokuwa 2004, seli hufa kwa wingi na ini hushindwa. Inapokuwa kidogo kwa miaka mingi, huweza kumharibu mlinzi mwenyewe. Mnamo 1991, watafiti waliochunguza saratani ya ini nchini China na kusini mwa Afrika waligundua kwamba jeni ya p53 ilikuwa imebadilika, mara nyingi mahali pale pale. Hatari huongezeka zaidi kwa mwenye virusi vya hepatitisi B.

Kupika ugali hakuiondoi sumu hii. Kinga iko shambani na ghalani: mahindi yaanikwe juu ya turubai, si udongoni, yakauke hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5, na magunia yawekwe juu ya mbao. Mkulima pia anaweza kutumia Aflasafe KE01, kuvu isiyo na sumu inayotapanywa shambani ili kuishinda ile yenye sumu. Punje zilizoota ukungu zisiliwe, wala zisilishwe mifugo.